Darasa la Mama Vifungo

Marehemu mama yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa saba wa seremala na mkunga. Bibi alisema alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa bado anawachunguza kaka zake.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, akaingia chuo cha ushonaji. Huko wanafunzi walikaa wakitazamana kwenye meza ndefu, na mwalimu wao alikuwa mtu wa kunong'ona. Mama hakuambulia neno. Basi akamkodolea macho kijana aliyekaa mbele yake, akaiga kila kitu kama alivyokiona kutoka upande wake. Wenzake wakamwiga yeye. Siku ya mtihani, mashati ya kiume ya upande mzima wa meza yakatoka na vifungo upande wa kike.

"Nani kawafundisha haya?" mwalimu alifoka, na safari hii alisikika vizuri.

Wote wakamwonyesha mama. Mama akamwonyesha yule kijana. Kijana alicheka mpaka akatolewa nje. Walioana tarehe 14 Desemba 1972, na baba anavaa mashati ya namna hiyo mpaka leo. Si huyo hapo mbele? Mtazameni.

Mwaka 1979 mama alifungua darasa lake katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ukimuuliza swali alikujibu, "Mtazame mwenzako, usinichoshe!" Mgeni alikalishwa katikati ya wenyeji, na haikupita muda alikuwa anashona kola na kusengenya majirani kwa ufundi uleule.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Wodini alikataa sindano mpaka aone mgonjwa wa kitanda cha pili akichomwa. Yule akapiga kelele. Mama naye akapiga, hata hajaguswa. Lakini alikuwa na hofu, hatutaificha. "Sikumfundisha mtu hata mmoja," alimwambia binti yake mkubwa huku akilia. "Nikiondoka, darasa si litakufa?"

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi mwaka huu. Gauni alilovaa leo limeshonwa na darasa zima. Kola ni kazi ya muuza mkaa aliyejiunga mama akiwa tayari hospitalini, hawakuwahi kuonana. Tulimuuliza kajifunza kwa nani. Akamwonyesha aliyekaa kando yake, naye akamwonyesha wa kando yake, hivyo hivyo mpaka mlangoni. Habari za vifungo msituulize.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa na darasa lililojaa. Pumzika kwa amani, mama. Bado wanatazamana.