Wa Kwanza Kupimwa

Benchi la nje ya duka la kinyozi halikosi kelele, ila asubuhi ile mwenye duka mwenyewe alikuwa mbali kimawazo. Binti yake, wa mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea sayansi ya mwendo wa mwili, na mwalimu wake alikuwa amemchagua amsaidie utafiti: watu wazima wanavyotembea, na kwa nini wanaanguka. Walitakiwa watu kumi wa kupimwa. “Baba, wewe wa kwanza,” binti alisema, naye Kinyozi akaitikia kabla hajafikiri. Sasa saa nne, saa ya kupimwa, inakaribia na kahawa yake imepoa. Miezi mitatu mguu wake wa kushoto ulikuwa hausikii amri. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

— Wanapima nini hasa? akauliza Breki, dereva mstaafu.

— Kutembea tu, Kinyozi akajibu. Unafungwa vidude miguuni, unatembea ukumbini, kompyuta inaandika.

— Inaandika! Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini ukienda pole mbele ya kompyuta si unaandikwa mgonjwa?

— Ukishaandikwa umekwisha, akadakia Mhariri, muuza magazeti. Wanaunda mtu wa chuma mwenye mwendo wako, anakuja mpaka nyumbani, mkeo anamfungulia mlango!

— Toka hapa!

— Nimesoma mimi.

— Umesoma kichwa cha habari.

Wakaangua kicheko. Kinyozi akacheka pia, kwa kuchelewa.

— Usiende, ndugu yangu, Breki akasema. Mficha uchi hazai.

— Hiyo maana yake aende, wewe! Mhariri akamkatiza.

— Mwenzako kashazaa. Ya nini tena kujifunua?

Safari hii Kinyozi hakucheka. Kompyuta haikumtisha. Alimwogopa mwanawe, asije akaisoma habari ya baba yake kwenye kioo cha kompyuta, mbele ya mwalimu, akashindwa hata kulia.

Mara binti akatokea, pamoja na mama mmoja wa makamo mwenye miwani.

— Shikamooni. Baba, huyu ndiye mwalimu wangu. Tumekufuata.

Kinyozi akainuka. Hatua tatu tu, soli ya kiatu ikakwaruza sakafu. Mwalimu akatazama, kisha akawageukia wa benchini, kwa upole:

— Ninyi mnakaa naye kila siku. Mguu huu ameanza kuuburuta lini?

Breki akainamia kikombe. Mhariri akayapanga magazeti yaliyokwisha pangwa. Hapo Kinyozi akajua: wote walikuwa wameona.

— Mimi niliona wakati wa likizo, binti akasema. Niliogopa kukuuliza, baba.

— Ni nini, mwalimu? Kinyozi akauliza.

— Sijui bado. Ukumbi wetu hautibu, lakini tukishapima nitakupeleka mwenyewe kwa daktari.

Kinyozi akavua aproni, akavuta mlango. Ufunguo ukawa unagonga pembeni mwa kufuli, hauingii, mpaka binti alipoushika mkono wake na wakafunga pamoja.