Ansgar Ndaki na Ekari Arobaini za Vijana wa Nyamahuba

Baba Paroko, viongozi wa serikali, wazee wetu mliotoka Didia tangu alfajiri, na ninyi wenyeji wa Nyamahuba mlioacha kazi zenu mkaja kukaa nasi siku hizi nne, familia inawaamkia kwa heshima. Anayesoma hapa ni Scolastika, mdogo wake marehemu anayemfuatia kwa kuzaliwa, na ndugu wamenisihi nisome bila kulia, nitajaribu. Marehemu hakupenda hotuba ndefu, isipokuwa zake mwenyewe, kwa hiyo mtanivumilia.

Ndugu yetu Ansgar Ndaki alizaliwa tarehe 9 Novemba 1978 katika kijiji cha Didia, mkoani Shinyanga, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Ndaki na mama yetu Monika, ambaye mnamwona hapa mbele, na ambaye tangu Jumanne hajasema neno zaidi ya kuuliza kama watu wamekula. Alibatizwa Desemba mwaka huohuo, na jina la Ansgar alipewa na katekista, baba akalikubali ingawa mpaka anaingia kaburini hakuwahi kulitamka sawasawa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1987 hapohapo kijijini, akamaliza la saba mwaka 1993, akachaguliwa kuendelea na sekondari mjini Shinyanga, akahitimu kidato cha nne mwaka 1997. Matokeo hayakumpeleka kidato cha tano, naye, badala ya kurudi kuchunga, akadandia gari la mizigo hadi machimboni Geita, akakaa huko miaka mitatu akivuta kamba kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na kulala chini ya turubai. Hakutusimulia mengi ya huko, alichokuwa akikisema ni kwamba kwa miaka yote mitatu hakuna aliyemuuliza yeye ni mtoto wa nani. Mwaka 2001 baba alimfuata mwenyewe, akamrudisha nyumbani na kumpeleka chuo cha maendeleo ya jamii, alikohitimu stashahada yake Novemba 2003.

Tarehe 1 Julai 2004 aliajiriwa kuwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, upande huu wa Runzewe, na mwaka 2012, mwaka ambao mkoa wa Geita ulianzishwa, akahamishiwa makao makuu ya wilaya kushughulikia vijana. Kwa wasioijua kazi hiyo, na hata sisi ndugu zake ilituchukua muda kuielewa, Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana hutungwa wizarani, ikashuka mkoani, ikafika halmashauri, ikapita kwa maafisa wa kata, mpaka kijijini ambako inatakiwa imkute kijana mwenye miaka kumi na mitano hadi thelathini na mitano. Ansgar alikuwa akisema kwamba kazi yake ni ile hatua ya mwisho tu, kutoka mlango wa ofisi ya kijiji hadi kwa huyo kijana, na kwamba hatua hiyo kwenye karatasi inaonekana fupi kuliko zote.

Jukwaa lake la kwanza la vijana aliliitisha kwa barua, Jumanne, saa tatu asubuhi, mwezi Machi 2013, na waliokuja walikuwa thelathini na mmoja, wakiwamo kumi na tisa waliovuka miaka arobaini, na mmoja, yupo hapa na anacheka, alikuja na mjukuu. Vijana wenyewe walikuwa ama shimoni ama wamelala kwa kutoka shimoni. Mzee Makoye wa kijiji hiki, ambaye enzi zake alikuwa nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana kwa mila ya Kisukuma, anayewaita kwenda kulima shamba la mgonjwa au kujenga nyumba ya mjane, alimwendea baada ya kikao, akamwambia, “Afisa, kijana haitwi kwa barua, anaitwa na mwenzake, halafu anapewa kazi kabla ya kupewa maneno.” Wapo maafisa ambao wangemjibu kwamba mila haimo kwenye mwongozo, lakini Ansgar alikaa chini akaandika, na kuanzia hapo hakuna jukwaa aliloitisha bila kwanza kumtafuta nsumba ntale wa mahali, au kiongozi wa duara kama ni machimboni, na kila jukwaa lilianza kwa jembe, mchana walikuwa wakilima, jioni ndipo walipokuwa wakizungumza sera.

Tarehe 8 Julai 2006 alifunga ndoa takatifu na Lukresia, binti wa Ushirombo, Msumbwa wa kuzaliwa na mwalimu wa chekechea, na utani wa nani kati ya Msukuma na Msumbwa anajua kupika ugali haukuisha mpaka juzi. Mungu aliwajalia watoto watatu, Marcel aliyezaliwa mwaka 2007, Apolonia mwaka 2010, na Hosiana mwaka 2016. Mwaka 2015 walijenga hapa Nyamahuba, jambo lililoleta maneno mengi kwetu Didia, na maneno hayohayo yamerudi wiki hii kuhusu mahali pa kumzika, yakaisha Mama Marcel alipotuonyesha maandishi ya mumewe.

Sasa niseme jambo ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe. Tarehe 3 Agosti mwaka huu, akiwa kitandani, aliniambia kwamba nisipolisoma hili mbele ya wenyeji wa Nyamahuba basi nisisome lolote, wampeleke kimyakimya. Wapo ndugu walioniomba nilipunguze. Silipunguzi.

Mwaka 2017 kila halmashauri ilikuwa ikihimizwa kutenga maeneo ya vijana, nacho kikundi cha Mbuke, binti wa kijiji hiki, vijana ishirini na wanne waliokuwa wakiponda mawe ya dhahabu kwenye mashine za makarasha, kiliomba ardhi ya kulima. Halmashauri ya kijiji, yaani wajumbe, ilikaa ikakubali ekari arobaini kule bondeni. Zilibaki siku nne taarifa ya robo mwaka ipelekwe mkoani. Ansgar, aliyewafundisha watendaji wote wa wilaya hii kwamba ardhi ya kijiji haitolewi na wajumbe peke yao, bali na mkutano mkuu wa kijiji ambamo kila mtu mzima ana sauti, alichukua muhtasari wa wajumbe, akaandika kwenye taarifa kwamba ekari arobaini zimetengwa, akajiambia mkutano mkuu utakaa baadaye. Wilaya ikasifiwa. Mkutano mkuu haukukaa, na yeye, kwa maneno yake mwenyewe, akasahau kwa sababu kusahau kulikuwa kutamu.

Vijana wale walisafisha bonde, wakachimba kisima kwa mikono, wakalima nyanya na alizeti misimu mitatu, na magari yakawa yanakuja kutoka Chato kuchukua nyanya zao. Mwishoni mwa mwaka 2020 uongozi mpya wa kijiji uliuliza muhtasari wa mkutano mkuu, haukuwapo, na kwa kuwa bonde lilikuwa malisho ya zamani na wafugaji walikuwa wakilidai kwa haki yao, likarudishwa kuwa malisho. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja sheria, isipokuwa aliyeiruka. Ng'ombe waliingia nyanya zikiwa zimeanza kuiva. Mbuke alimfuata ofisini, akasimama mbele ya watu, akamwambia, “Wewe ndiye uliyetufundisha tusitie sahihi kabla hatujasoma, je, wewe ulisoma?” Tunaambiwa siku hiyo hakula.

Vijana walirudi mashimoni. Tarehe 17 Mei 2021 duara liliporomoka, likamfukia Mageni, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa katibu wa kikundi kile. Ansgar alikwenda msibani, na kabla ya mwili kutolewa ndani aliomba kuonana na wazazi, akapiga magoti mbele yao, akawaeleza habari ya muhtasari mwanzo hadi mwisho, kwamba kijana wao asingekuwa shimoni kama yeye angefanya kazi yake. Mama yake Mageni, mayu Asteria, yuko hapa leo. Ruhusa ya kusema hili ametupa mwenyewe, na tangu Jumanne ndiye anayesonga ugali wa msiba huu.

Aliporudi kazini aliandika barua kwa mwajiri wake kusahihisha taarifa ya mwaka 2017, pale palipoandikwa ekari arobaini paandikwe hakuna, akapata barua ya onyo, ambayo aliipokea kwa mikono miwili. Kuanzia hapo alikuwa na haja moja tu duniani, mkutano mkuu wa Nyamahuba ukae kihalali, uamue. Hakutaka kupita njia ya mkato tena, ingawa alionyeshwa njia hizo zaidi ya moja. Kijiji kina watu wazima elfu moja mia mbili na arobaini, na akidi aliyoitafuta ni mia sita na ishirini. Mwaka 2022 walikuja mia tatu themanini na wanane, mvua ikawatawanya. Mwaka 2023 tarehe iligongana na mnada wa ng'ombe, wakaja mia nne na mmoja. Mwaka 2024, siku mbili kabla ya mkutano, ilisikika kuna mlima umetema dhahabu, vijana wote wakahamia kwenye rashi hiyo, na bado walihesabiwa mia tano sabini na saba, wakipungua watu arobaini na tatu. Jamani, alilia siku hiyo, mtu mzima, pale kwenye benchi la ofisi ya kijiji, na Mbuke, ambaye miaka mitatu hakuwa akimsalimu, alikaa karibu naye akamwambia, “Shikamoo afisa, tutaita tena.”

Tayari alikuwa mgonjwa. Figo zilianza kumsumbua Februari 2024, na kuanzia Juni mwaka huo alikuwa akisafiri kwenda Mwanza mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, akirudi akiwa amechoka hadi kusalimia kunamshinda, lakini toleo jipya la Sera lilipotoka aliomba asomewe yote akiwa kwenye mashine, akawachosha na wauguzi. Miezi hiyo ya mwisho alikwenda boma kwa boma na mzee Makoye kuzungumza na wafugaji, akachora upya ramani ya bonde, akaacha njia pana ya mifugo kwenda majini, maana alisema wenye ng'ombe nao wana watoto. Tangazo la mkutano lilibandikwa Ijumaa tarehe 1 Agosti, likisema Jumamosi tarehe 16, saa tisa alasiri, uwanja wa shule. Hali yake ilibadilika ghafla usiku wa Jumapili tarehe 10, akakimbizwa hospitali, na Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia, mkono wake ukiwa mikononi mwa Lukresia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mwaka mzima na zaidi kwa upole, madereva waliomsubiri kwenye foleni, wafanyakazi wenzake waliobeba majukumu yake bila kunung'unika, jumuiya na kwaya kwa sala, majirani wa Nyamahuba kwa kuni, maji na malazi, na mzee Makoye ambaye vijana aliowaita ndio waliochimba kaburi hili. Kwa Kisukuma chetu, wabeja sana, na ambaye hatukumtaja atusamehe, msiba ni mkubwa na karatasi ni moja.

Neno la mwisho ni la Mama Marcel. Mlishangaa kwa nini tumekaa na mwili siku nne, wengine mkasema familia inangoja wageni wakubwa. Hatukungoja mgeni. Mama Marcel alikataa Alhamisi, akakataa Ijumaa, akasema mume wangu ana mkutano Jumamosi. Wenyeji wa Nyamahuba, tangazo ni lile la tarehe 1, halikubadilishwa hata nukta, ajenda ni ileile moja, na mtendaji wa kijiji yuko uwanja wa shule na daftari la mahudhurio. Sisi tuliotoka Didia, Chato na kwingine hatuna sauti katika ardhi hii, tutakaa kwa wapishi, wala mtu asiandike jina lake kwa huruma, maana marehemu ameteseka miaka minne kwa sababu ya karatasi isiyo halali. Anayekubali anyooshe mkono, na anayepinga apinge bila kuona aibu ya kaburi, ila asiondoke. Mtendaji ametuachia hesabu ya wenyeji watu wazima waliopo msibani hapa, wamehesabiwa mara mbili tangu asubuhi, ni mia tisa na sita.

Lala kwa amani, kaka yangu. Tukishakufukia, tunakwenda mkutanoni.