Kofia ya Filta

Kila asubuhi mimi husinzia kwenye pantoni ya mto Brantas, hapa Java, lakini leo mvua ilishuka ghafla. Parno, abiria mwenzetu wa kila siku, akaivisha haraka filta ya hewa ya pikipiki yake, iliyochomoza nje bila boksi, kofia ya kitambaa chenye maua.

Tukijo, abiria mwingine, aliyefunga filta yake kwa mfuko wa plastiki, akacheka. "Pikipiki inaenda harusini, kaka?"

"Yako unaikaba roho. Hii inazuia maji, hewa inapita. Kashona mke wangu."

Tukijo akaupapasa mshono muda mrefu kuliko kitambaa kinavyostahili. "Ngatini bado anarudia mshono mara mbili." Mimi nikatazama viatu vyangu.

Pantoni ikagusa ukingo. Pikipiki ya Tukijo ikakohoa, ikazima.

"Nisingeenda Malaysia kutafuta kazi," akasema, "angekuwa ananishonea mimi."