Depo ya Kahawa Iliyokuwa na Masikio

Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa, kwa sababu hiki kinywa kinachoongea mbele yenu kilikaribia kuuza mutu!

Mimi ni Mama Kahindo. Ile miaka baada ya uhuru, nilikuwa nachambua kahawa mu depo moja ya Butembo. Tulikuwa banamuke saba, tunaketi chini na bikapo mbele yetu, tunaimba. Muzungu mwenye depo akaenda kwao, mukubwa mupya akaingia. Kisha baasi bakafika na bunduki, bakafukuzwa, basoda ba serikali bakarudi. Tangu pale nyimbo zikaisha, kwa sababu kila mutu aliogopa masikio ya mwenzake.

Siku moja basoda bakakuja kazini, bakakamata Papa Kambale, mushonaji wa magunia. Eti alilisha baasi. Hakurudi tena. Ndugu zangu, nani alimutaja? Mimi nikaangalia Masika, rafiki yangu tangu utoto, kwa sababu siku mbili kabla ya pale nilimuona anatoka mu biro ya mukubwa akipanguza machozi. Nikaacha kula naye. Akiniuliza habari ya batoto, najibu, "Bapo," basi. Nikafunga mizigo yangu nikimbilie Kanyabayonga. Mushahara ulikuwa unafika, kazi haikunishinda. Masikio ndiyo yalinifukuza!

Kabla niende, mukubwa akaniita mu biro.

"Mama Kahindo, nipe jina moja tu. Utakuwa kapita, musimamizi wa benzako."

Jina la Masika lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikaita Yesu mu roho, ulimi ukakauka! Nikasema, "Hapana, mukubwa. Jina sina."

Nikatoka. Masika alikuwa mulangoni. Akaniuliza polepole, "Na weye, mukubwa alikuomba jina?"

"Alikuomba na weye?"

"Ile juma ya Papa Kambale. Nilikataa, nikalia. Kisha nikafikiri ni weye ulimutaja."

Tukakumbatiana, tukalia. Tukauliza bengine. Ndugu zangu, sote saba alituita, mumoja mumoja, kwa siri! Kesho yake hapana mutu aliyeketi mbele ya kikapo. Tulishuka Beni kulima mupunga, sote pamoja.

Lakini sitadanganya mbele ya Mungu. Sote tulisema tulikataa, na Papa Kambale hakurudi. Basi pengine mumoja wetu alimutaja. Mupaka leo sijui ni nani. Ninaomba kwa ajili yake bila kujua jina, na Bwana ameniondolea ile hamu ya kulijua.

Weye unayemuogopa mwenzako wa kazi, njoo kwa Yesu na woga wako. Kisha enda ukaongee naye, uso kwa uso.