Mbavu Zangu na Pumzi Niliyoiomba Nusu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mwenye pumzi na aitikie, maana kuna siku nilishindwa kuitikia hata hodi.

Mnanijua, Mama Tabu, muuza asali wa Kanyenye. Nilikuwa natoka Kwihara kwa bodaboda. Nilimbembeleza dereva mpaka akakubali kunibeba mimi na madumu yangu kwa safari moja. Kwenye mchanga tukaanguka, madumu yakanilalia kifuani. Asali haikumwagika. Mbavu tatu zilivunjika. Hospitalini nilizihesabu kwenye picha ya eksirei mara mbili, nikitumaini wamezidisha.

Ndugu zangu, mkono ukivunjika unaufunga, unauweka pembeni. Kifua utakiweka wapi? Nikawa napumua kwa kuonja, kama mteja asiyetaka kununua. Vidonge havikufua dafu. Daktari, binti mpole, akanieleza kwamba nisipovuta pumzi na kukohoa, makohozi yatatuama nipate nimonia, na kwa umri wangu inaua. Nikamwahidi nitakohoa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Akaja Mzee Kondo wa Gongoni, mtani wangu Mzaramo. Utani wetu ni wa tangu enzi za misafara, na mtani haji hospitali kukupa pole. Akanitazama, akasema, "Mnyamwezi gani wewe? Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka Pwani, wewe asali tu imekulaza?"

Wodi ikacheka. Kicheko changu kilifika mbavuni kikageuka kisu. Jasho likanitoka, pumzi ikakata. Kondo akanyamaza. Mtani akinyamaza, jua hali ni mbaya! Hapo ndipo nilipoogopa. Nikaomba: Bwana, sidai yote, nipe hata nusu pumzi.

Mchana ule ule akaja daktari wa usingizi na mashine ya ultrasound, ile ya kutazamia mimba. Mgonjwa wa kitanda cha pili akanipa hongera. Daktari akanieleza kwamba hatanilaza usingizi. Atachoma ganzi karibu na mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu ya mbavu, na mashine itamwonyesha sindano ilipo isije ikagusa pafu. Nikaomba kioo cha mashine kigeuzwe nami nione. Sinunui kitu gizani. Nikaiona dawa ikitambaa kati ya tabaka za nyama, taratibu, kama asali ya asubuhi ya baridi.

Tukangoja. Kisu kikawa butu, kikaondoka.

"Sasa kohoa, mama."

"Nusu?"

"Yote."

Nikakohoa! Yaliyotoka sitayasimulia kanisani. Kisha nikavuta pumzi ndefu nikamgeukia Kondo: "Babu zangu walibeba. Babu zako walikaa Pwani wakiwauzia maji." Akacheka mpaka akatoa leso, akaficha uso muda mrefu kuliko mtu anayecheka.

Ganzi haikuunga mfupa. Ilipoisha walirudia, mbavu zikaunga kwa wakati wake, na mapafu yakabaki safi. Namshukuru Mungu aliyewapa wale madaktari macho na mikono. Nanyi asanteni kwa maombi, hata mliokuwa mmeshaanza kupanga chakula cha matanga.

Na wewe uliyejibana kifua nyumbani, ukisema utavumilia, mtumaini Bwana, kisha nenda hospitali leo. Uvumilivu ni tunda la Roho, ndugu yangu, lakini nimonia si shamba lake.