Barafu ya Mama Perez

Benchi ya Nakhungu muuza kahawa, pale Kaloleni karibu na ziwa, ina miguu mitatu na matofali mawili. Kila jioni hukaa hapo Gordon, fundi wa injini tunayemwita Pistoni, na Masinde mshona maturubai, tunayemwita Upepo. Mwaka huu wa tisini na saba ugomvi wao ni boti ya Mama Perez, mchuuzi wa samaki. Mara mbili mnunuzi wa kiwanda cha minofu amemrudishia samaki wa mbuta aliowatoa kisiwa cha Remba, kwa sababu barafu iliisha njiani na samaki wakalegea. Amemwambia mara ya tatu wakilegea asimwone tena. Mara ya tatu ndiyo hii. Mama Perez aliondoka siku nne zilizopita, na injini ndogo na tanga alilomshonea Upepo. Mimi nilikuwa nakunywa kahawa bila kuisikia ladha.

— Nilimpatia injini ya nguvu arobaini, alisema Pistoni. Ameitoa! Ameweka ka-injini ka kusaga mahindi.

— Hiyo yako inakunywa sana, omera, akajibu Upepo. Mitungi kumi na mbili ya petroli, kwenda na kurudi! Barafu ikae wapi? Kwa mapaja?

— Basi angeweka injini mbili.

— Na mitungi ishirini na nne.

— Mitungi inabebwa na boti ya pili, inavutwa nyuma.

— Na hiyo ya pili inavutwa na nini?

— Injini ya tatu! Wewe shule ulienda kufanya nini?

Nakhungu alicheka hadi kahawa ikamwagika. Upepo akasimama.

— Sikia. Asubuhi upepo inatoka nchi kavu, inakupeleka. Mchana inatoka ziwani, inakurudisha. Nauli analipa Mungu.

— Na saa sita, upepo ikilala?

— Na wewe unalala.

— Na mbuta?

— Hao si wamelala tayari?

— Na hii gugu maji imefunga bandari yote, Bwana Upepo?

— Hapo nashona matanga matatu. Boti inaruka juu yake.

— Yawa! Boti iruke?

— Kwani ndege inarushwa na nini? Si ni hewa?

Hapo nilikasirika kweli. Niliwaambia riziki ya watoto wa mtu iko majini na wao wanarusha maboti angani. Pistoni alikuwa anafungua mdomo tena wakati Mama Perez alipotokea kwenye kona, gauni limelowa hadi magotini, beseni kichwani.

— Mama, mnunuzi amesemaje? niliuliza.

— Amechukua yote! Ameangalia macho ya samaki moja moja, hakuona kasoro. Ameniambia Jumatatu nilete ingine.

Nakhungu alipiga vigelegele hadi watu wakatoka nyumbani. Mimi nilimkumbatia na maji yake yote.

— Ni injini! alipaza Pistoni.

— Ni tanga! alipaza Upepo.

— Asubuhi tanga, alisema Mama Perez. Saa sita upepo ikilala, injini. Mchana tanga tena. Kwa gugu nikainua injini juu, tukasukuma na miti. Nilibeba mitungi nne tu. Pale ile nane ilikuwa inakaa, nikajaza barafu.

Alitua beseni kwenye benchi na kufunua gunia. Ndani kulikuwa na bonge la barafu, kubwa kama mkate, limeshika vumbi la mbao la kulikinga na joto.

— Hii ndiyo imebaki. Siku nne! Sasa niambieni, wazee. Kati yenu wawili, nani amewahi kufika Remba?

Pistoni alichungulia kikombe chake. Upepo aliinama kurekebisha matofali.

Mama Perez aligonga lile bonge kwa kifuniko cha birika, akatutilia kila mmoja kipande kwenye kahawa.

— Kunyweni, alisema.

Tukanywa kahawa baridi, wote, bila ubishi. Sijawahi kunywa tamu kama ile.