Amplifaya Ndogo Katika Nyumba ya Matanga

Benchi la mbele ya duka langu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na hapo ndipo mambo ya mtaa wetu wa Tamboril yanapoamuliwa bila kuombwa na mtu. Kahawa naipika mimi, Nereida. Naichuja kwa kitambaa, sukari natia mwenyewe, na asiyeridhika akanywe kwa mama yake. Wenye benchi ni watatu. Balbu ni fundi umeme, na kwake ndiko kunakowashwa mishumaa hata umeme ukiwepo. Mzee Kengele alikuwa mpiga kengele wa parokia, na tangu kengele ifungwe mota amebaki na muda mwingi wa kumsaidia Mungu kufikiri. Ampaya ni mwamuzi wa besiboli. Huyo hata kuku wawili wakigombania punje atakunjua mikono aamue nani salama na nani katoka. Jumamosi ile walikuwa wamembana katikati mgane wetu Rada, msokota sigara wa kiwandani na mpiga gitaa wa mtaa, aliyekuja na gitaa lake la umeme amelifunika shuka kama mtoto mgonjwa. Balbu alikuwa amemwekea mbele amplifaya ndogo, ukubwa wa mkate, aliyotumiwa na binamu yake wa Nueva York, Marekani, na swali lilikuwa moja: inunuliwe au isinunuliwe?

BALBU: Hii ndiyo dawa yako, kaka. Inatumia betri, umeme ukikatika wewe unaendelea. Unachomeka gitaa huku, hedifoni huku, unapiga mpaka uzimie. Nje? Kimya. Hata paka hashtuki.

RADA: Hata ng'ambo ya barabara?

Wote tukageuza macho ng'ambo ya barabara, kwa shemeji yake, Ercilia, ambaye mlango wake unatazamana na wa Rada, jirani ya duka langu. Mwaka mzima tangu Zunilda, mke wa Rada, afariki, huyu dada wa marehemu ndiye anayelinda matanga ya nyumba ya Rada. Kwetu nyumba ikifiwa redio inazimwa, gitaa linatundikwa, na hakuna sauti ya raha mpaka misa ya mwaka. Baada ya misa nguo nyeusi zinavuliwa, watu wanakula, muziki unarudi. Misa yenyewe ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Na Zunilda, akiwa kitandani siku zake za mwisho, alimwomba mumewe kitu kimoja tu: siku ya kuanua matanga ampigie ule wimbo aliomtungia wakati anamposa. Sasa Rada hajagusa gitaa mwaka mzima, vidole vimelainika, na akifanya mazoezi Ercilia akasikia hata noti moja, haji misani, wala ukoo wa marehemu hauji. Maskini alikuwa hana pa kutokea.

RADA: Jana nilijaribu kubonyeza vidole kwenye ukingo wa meza. Vinauma, jamani. Sugu zote zimekwisha. Nilimwahidi, na sasa nitamwaibisha mbele ya watu.

MIMI: Kunywa kahawa kwanza.

BALBU: Ndiyo maana nakwambia chukua hii. Wiki nzima unafanya mazoezi na hedifoni, Jumapili unachomoa, spika inafunguka, uani wote wanasikia. Ile kubwa yako si iliungua?

RADA: Uliiunguza wewe.

BALBU: Iliungua mimi nikiwepo. Ni mambo mawili tofauti.

KENGELE: Mimi udogo wake ndio unaonitatiza. Zunilda alikuwa mwanamke mpana, Mungu amrehemu. Akiingia kanisani benchi linajua. Leo umpigie kwa kitu cha ukubwa wa mkate?

RADA: Alikuwa mpana kweli.

Alilisema hilo kwa fahari, akajiweka sawa kwenye benchi. Kengele akaona amepata mteja, akasogea.

KENGELE: Halafu ngoja. Matanga anafanyiwa nani?

BALBU: Marehemu.

KENGELE: Marehemu ana masikio?

BALBU: Mzee, usianze.

KENGELE: Hana. Kwa hiyo ukuta kwake si kitu, barabara si kitu. Sasa marehemu anakaa wapi? Kichwani mwa mumewe. Na hiyo hedifoni inapeleka sauti wapi?

AMPAYA: Kichwani.

KENGELE: Si hapo! Unamfuata mkeo chumbani kwake, unampigia bachata, muziki wa mapenzi na kucheza, wakati wa matanga yake mwenyewe! Bora hata ungefunga spika za disko juu ya paa. Angalau yeye angelala.

Rada akauondoa mkono wake juu ya amplifaya haraka haraka.

AMPAYA: Hapana, mzee, hapo umechemka. Sheria ni sheria. Mpira usipovuka uzio, mchezo unaendelea. Sauti haijatoka kichwani, basi haijatoka. Salama!

Akakunjua mikono yote miwili, kikombe changu kikaenda chini.

MIMI: Ampaya! Kwani huwezi kuamua ukiwa umekaa kama watu?

BALBU: Mwamuzi keshasema. Rada, nunua.

KENGELE: Haya, haijatoka. Iko wapi?

BALBU: Nini iko wapi?

KENGELE: Hiyo sauti. Mtu anapiga gitaa kila siku, haitoki nje. Inakwenda wapi?

Balbu akakuna shingo. Akiulizwa jambo kama fundi, lazima ajibu kama fundi, awe analijua au halijui, na mara nyingi halijui.

BALBU: Inabaki kwenye betri.

AMPAYA: Kwenye betri?

BALBU: Betri kazi yake nini? Si kutunza? Umeme ukiingia unatunzwa. Sauti ikiingia inatunzwa. Hayo ni mambo ya kitaalamu, msiyaingilie.

KENGELE: Kwa hiyo wiki nzima inajaa.

BALBU: Inajaa.

KENGELE: Na Jumapili akichomoa hedifoni?

Balbu akaisogeza amplifaya kando kidogo. Aliona mwenyewe alikojipeleka.

AMPAYA: Mama yangu! Inatoka yote kwa mpigo! Padri hajameza hata tonge la wali, mazoezi ya wiki nzima yanamlipukia usoni!

BALBU: Hailipuki. Kuna fyuzi.

KENGELE: Fyuzi ya kuzuia bachata?

BALBU: Mzee, Wamarekani wana fyuzi ya kila kitu.

Upuuzi ule una ugonjwa wake. Ukikaa karibu nao muda wa kikombe kimoja unakuambukiza, na mimi nilikuwa nimeshakunywa viwili.

MIMI: Si aende banda la kukaushia tumbaku? Mchana hakuna mtu kule. Apige mpaka achoke.

AMPAYA: Umetoka! Umetoka mbali, Nereida! Jani la tumbaku linanyonya kila kitu. Liweke karibu na samaki, linanuka samaki. Sasa Rada anapiga bachata bandani wiki nzima, jani linanyonya. Rada huyohuyo analisokota. Sigara inapanda ndege. Mjerumani kwao huko ameshiba, anaketi, anawasha, anavuta. Nini kinatoka?

BALBU: Moshi.

AMPAYA: Wimbo wa Zunilda!

KENGELE: Mjerumani analia, na hajui kwa nini.

AMPAYA: Anashika simu, anampigia mke waliyeachana.

BALBU: Wanarudiana!

KENGELE: Na hawakufunga ndoa kanisani. Dhambi hiyo anaandikiwa nani? Rada!

RADA: Jamani, mimi simjui Mjerumani yeyote.

Alisema hivyo kwa moyo wote, masikini, macho yamemtoka. Nilimhurumia. Nilitaka kuwafukuza wote watatu kwa ufagio, lakini Balbu alikuwa ameshaanza kulivua gitaa shuka.

BALBU: Maneno mengi ya nini? Tuijaribu. Wewe Rada usiguse, usije ukavunja matanga bure. Mimi nitapapasa nyuzi, Ampaya anavaa hedifoni, Nereida anasimama barabarani kusikiliza.

Nikasimama barabarani. Balbu akachomeka waya, akaanza kukwangua nyuzi kwa vidole vyake vya kukatia nyaya, na kweli, nilipokuwa sikusikia kitu. Amplifaya ilifanya kazi yake bila kosa. Aliyetuponza ni Ampaya, kwa sababu mtu akivaa hedifoni hajisikii mwenyewe.

AMPAYA: HAISIKIKI, EEH? HUKU NDANI INAWAKA! BACHATA HIYOO!

MIMI: Punguza sauti, wewe!

AMPAYA: HATA MIMI SIKUSIKII, NEREIDA! KITU CHA SIRI KABISA HIKI! RADA, NUNUA, KAKA! ERCILIA HATAJUA MILELE!

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Ercilia akatoka na nyeusi zake, akavuka barabara bila kutazama pikipiki. Pikipiki ndizo zilizomtazama yeye. Nikaruka, nikaifunika amplifaya kwa mkungu wa ndizi. Ubaya ni kwamba kutoka kwenye zile ndizi ulitokeza waya, waya ukaenda moja kwa moja mpaka masikioni mwa Ampaya, na Ampaya alikuwa bado anatikisa kichwa, amefumba macho.

ERCILIA: Ercilia hatajua nini?

Kengele akamvua Ampaya hedifoni taratibu.

KENGELE: Bi Ercilia, hapa tuna suala gumu la imani. Marehemu, kwa vile hana masikio...

ERCILIA: Nyamaza. Radhamés?

Rada, ambaye Ercilia peke yake humwita kwa jina lake kamili, akasimama, kofia mkononi. Akaeleza yote: ahadi, sugu za vidole, amplifaya, hata Mjerumani. Hakujitetea. Ercilia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalichukua gitaa kutoka mapajani mwa Balbu, akauchomoa waya, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Mti mtupu, halina tumbo la kutolea sauti kama magitaa ya kawaida. Akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi. Kilichotoka ni kama kuku anayeparua chini ya kitanda.

ERCILIA: Balbu, wewe ni fundi.

BALBU: Ndiyo, mama.

ERCILIA: Gitaa hili lisipochomekwa popote, mtu akalipiga chumbani mlango umefungwa, mimi niliyeko ng'ambo nitasikia?

Balbu akamtazama Kengele. Kengele akamtazama Ampaya. Ampaya akaanza kukunjua mikono, akaishia nusu, na hilo sijawahi kuliona tangu nimfahamu.

BALBU: Hapana, mama. Hata aliye sebuleni hasikii.

ERCILIA: Basi, Radhamés, mwaka mzima ulikuwa unangoja nini?

Watu waliojua wafu wanakaa wapi, waliojua betri inatunza nini na Mjerumani analilia nini, wote walitazama vikombe vyao, nami nikatazama changu. Kilikuwa kitupu, na birika nalo tupu, wala sikwenda kupika nyingine. Rada alikuwa anazikunja kingo za kofia yake, anazikunjua, anazikunja tena.

RADA: Nikiupiga nikaumaliza, shemeji, nitakuwa nimemaliza yote aliyoniomba. Hakuna tena jingine la kumfanyia. Nitakuwa nimebaki tu.

Nililia, siwezi kuficha. Nilijifuta kwa kile kitambaa cha kuchujia kahawa, na mpaka jioni uso wangu ulinuka kahawa. Ampaya alikuwa amegeukia ukutani. Ercilia hakulia, kwani Ercilia halii mbele ya watu, lakini alikaa na lile gitaa mikononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika ndipo akamrudishia mwenyewe.

ERCILIA: Basi Jumapili upige vibaya.

RADA: Shemeji?

ERCILIA: Ukipiga vibaya haihesabiki. Itabidi urudie mwakani. Mwakani ukikosea tena, nitakuja tena, nitakaa, nitakusikiliza. Mimi sina pa kwenda.

Akaanza kuvuka barabara kurudi kwake. Alipofika katikati akageuka, akauonyesha mkungu wangu wa ndizi kwa kidole.

ERCILIA: Na hicho kisanduku kinunue. Kama ni kukosea, ukosee tusikie wote.